Matapishi ya Deni

Nilimdai Mwaisumo elfu kumi na nane,
akaniletea mtoto wa mbwa ndani ya ndoo ya rangi.
Nikamwita Deni. Tukaanza kulinda wawili
yadi ya mbao, Vingunguti, upande wa reli.

Deni hutapika. Hilo nililijua mapema.
Jirani na machinjio, mbwa gani hatapiki?
Hula utumbo uliolala, hula kwa pupa kama anafukuzwa,
kisha hukirudisha chakula kizima kizima,
akakigeukia, akakila tena.
Nilichukia. Baadaye nikazoea.
Kile si kutapika, alikuja kunieleza Dokta Mkunde, ni kucheua:
mwenye kucheua hasukumi mbavu,
anafungua tu mdomo
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Alfajiri, povu la njano juu ya maranda,
kijiko kimoja, basi. Njaa hiyo,
nyongo inatafuta kazi tumboni.
Mpe kipande cha ugali usiku, asubuhi utakuta pakavu.
Na ukoka wa kando ya mtaro huutafuna
kama mbuzi aliyekosea kuzaliwa,
anakohoa, anautoa, anatikisa mkia.
Mkia ndio cheti chake.
Maadamu unacheza, nilichukua koleo,
nikafukia, nikarudi kwenye redio.

Jumanne ile ya mvua mkia haukucheza.

Saa tatu usiku alitapika wali. Sawa.
Saa tano, maji.
Saa saba nikampa maji mengine;
yalikaa tumboni muda wa nusu sigara.
Saa tisa alitapika hewa:
mbavu zinasukuma, shingo inanyooka,
sauti inatoka, kitu hakitoki.
Akainamisha kifua chini, kiuno juu,
kama anayechungulia uvunguni.
Nikamfunua mdomo kwa tochi ya simu.
Ufizi ulikuwa rangi ya chaki iliyolowa.
Nikaubonyeza kwa kidole, nikakiondoa,
na ule weupe haukuwa na haraka ya kuondoka.

Bajaji ya kwanza iliondoka iliposikia neno mbwa.
Ya pili, Shomvi akatandika sandarusi:
"Akichafua humu, unaosha wewe."
Tukaenda Tabata, Msimbazi ukilamba barabara.

Dokta Mkunde alifungua na kanga begani.
Tangu lini? Mara ngapi? Ya rangi gani?
Kuna damu? Kuna cheusi kama machicha ya kahawa?
Amekunya? Huko yadini mnatega sumu ya panya?
Sijawahi kuulizwa maswali mengi hivyo kuhusu kiumbe yeyote,
hata mama yangu alipolazwa.
Vidole vyake vilitembea tumboni,
vikasimama.
"Hapa."

Alinionyesha baadaye, ndani ya sahani ya chuma:
gunzi. Kimo cha kidole gumba,
limelainika, bado lina alama za moto.
Nililitambua. Lilikuwa langu.
Jumapili, hindi la kuchoma, ndimu na pilipili,
nikalitupa nyuma bila kugeuka.
Alilidaka hewani.
Nilicheka, nakumbuka.

"Akitapika kisha akataka kula na kucheza, mwangalie,"
alisema akinawa mikono.
"Akitapika kisha akajificha, mlete.
Maji yakigoma kukaa, mlete.
Akisukuma kisitoke kitu na tumbo limevimba,
hapo hata shati usitafute."
Akaandika gharama: laki mbili na arobaini,
kwa mafungu.
Mwaisumo aliposikia alicheka mpaka akakaa chini.

Deni amerudi yadini, mshono umefunga,
anatapika povu lake la alfajiri, nami namshukuru kwalo.
Mahindi bado nanunua.
Mke wangu akifua sare anakuta magunzi mfukoni,
mawili, matatu, yameshika nyuzi.
Hajawahi kuuliza.
Huyaanika dirishani,
yakikauka, huwashia jiko.