Usinunue Redio Kwanza

Idwal, rudisha hizo pesa mfukoni.
Najua umeuza pikipiki,
najua kule dukani Wrexham kuna skana inayong'aa,
vitufe vingi kuliko maneno ya mkweo.
Ngoja. Keti. Mpishe paka.

Redio ni ubongo. Antena ni sikio.
Nani ampelekaye profesa kiziwi
akasikilize kesi?

Mimi nilikosea kabla yako.
Mwaka ule wa theluji nilinunua chombo
cha bei ya kondoo kumi na wawili,
nikakiweka jikoni na kile kijiti chake cha mpira.
Ndege za kivita zikapita juu ya Tal-y-llyn,
vikombe vikacheza kabatini,
na redio ikaniambia: shhhhh.
Kama mkutubi.

Basi uliza kwanza: inasikia mia mbili ishirini na tano
hadi mia nne? Megahezi, Idwal, si bei.
Na huko juu iwe inapokea AM;
marubani hawatahamia FM
kwa sababu muuzaji kazoea muziki.
Akikwambia "hii inashika kila kitu,"
wewe shika mlango.

Halafu antena. Ile yenye sahani kichwani
na sketi ya vyuma
husikia wote, kidogo kidogo,
kama shangazi zako harusini.
Mimi nilikata vijiti viwili vya shaba,
sentimita ishirini na nne kila kimoja,
kimoja kikatazama mbingu, kimoja kikatazama paa.
Gharama: pauni sita na jeraha la kidole gumba.
Kebo iwe nene, iwe fupi.
Kebo nyembamba hula sauti njiani
kama mtoto aliyetumwa mkate.

Na sikudanganyi: milima haihongwi.
Ndege ikizama bondeni, hupati kitu,
hata ungekuwa na antena ya mfalme.
Utaokota vipande: nambari, pumzi ndani ya barakoa,
"mafuta," "kushoto, kushoto,"
kisha Cader Idris inafunga mlango.

Utaniuliza ni siri gani nimenasa
miaka hii kumi na tisa.

Moja.
Jumanne, upepo wa kaskazini, nimeanika nje.
Ndege mbili. Wa mbele, kijana, sauti ya usingizi:
"Nyumba nyeupe, mkono wa kulia. Yule bibi
kaanika tena yale mashuka ya njano."
Wa nyuma akakaa kimya kidogo.
"Nimeyaona. Wingu liko nyuma yetu.
Angeyaanua."

Nikatoka na kapu, bila viatu.
Nilikuwa nusu ya kamba
tone la kwanza liliponipiga shingoni.

Haya. Nishikie ngazi.