Elfu Nane na Themanini

Saa nane na nusu usiku, Tartu imezama kwenye theluji,
na Maarika Toomsalu anasemezana na kontena.
Jina lake Piim, yaani maziwa.
Siku mia sita na kumi na moja halijapepesa:
linapokea joto la ng'ombe wa zizi la Kanepi,
lita za asubuhi, lita za jioni,
na mlango wake ni elfu nane na themanini kwa nje,
themanini tu kwa ndani.

Barua ya wilaya ilikuwa mistari miwili:
kuanzia alfajiri mlango huo unafungwa.
Tumieni elfu tisa na tisini. Asanteni.

Ni tarakimu nne, alijiambia jioni.
Nitazibadili kabla chai haijapoa.

Chai imeganda utando.
Ipo amri ya kulipunguzia kumbukumbu,
hata jina hubadilika likiwa linakwenda.
Mlango, hapana. Mlango huandikwa siku ya kuzaliwa.
Na aliyelizaa, Heldur, hakuliwekea ghala la nje:
maziwa ya karibu miaka miwili yamo tumboni mwake.
Ukilifuta, umemwaga.

Anampigia. Anaitika kama mtu aliyekuwa macho.
"Mzime kwanza msimamizi, yule anayeyalea makontena yote.
Ndipo ufungue faili la maungo yake, uhariri kwa mkono.
Ukihariri yeye yu macho, atayafuta uliyoandika."
Kimya.
"Niliwahi kufanya hivyo, mara moja."
"Ikawaje?"
"Nikastaafu."

Maarika anacheka peke yake, meno yakigonga kikombe.
Hapana. Atapiga picha kwanza,
picha nzima, na tumbo na vilivyomo.
Piim linabana pumzi likipigwa picha,
kisha analiambia: simama.

Feni bado zinavuma. Chumbani hakuna kilichonyamaza,
ila yeye ameusikia ukimya.

Anaandika upya, picha ile ile, mlango mpya.
Inakataa. Jina limeshikwa.
Lililosimama bado lina jina lake.
Basi wewe uwe Piim-vana, Piim kuukuu,
na kidole kinasita juu ya kitufe
kama anayemvua mtu pete akiwa usingizini.

Tena.
Elfu tisa na tisini. Kwa ndani, themanini ile ile;
ndani hakuna habari kwamba kitu kimehama.
Ng'ombe mia mbili na kumi na nne:
nyuzi thelathini na nane, nukta sita.
Kisha mwingine. Kisha zizi zima, wakisukumana.

Asubuhi Leida wa Kanepi yuko kwenye simu,
nyuma yake ndoo zinagongana.
"Kwenye mchoro kuna pengo. Dakika nne, saa tisa kasoro.
Walikufa wakafufuka, au?"
"Walibadilishiwa mlango."
"Ng'ombe wangu hawajatoka nje tangu Novemba."
"Najua," anasema Maarika. "Najua."

Piim-vana halijafutwa.
Kila Ijumaa huyaorodhesha yote, yanayokwenda na yaliyosimama,
nalo lipo, mstari wa mwisho.
Ukilichungulia maungoni, limeandikwa vile vile
elfu nane na themanini,
mlango usiobishwa hodi,
na nyuma yake maziwa ya jana,
hayajachacha.