Jiwe Mwana

Siku ya tatu. Gangilonga, baridi ya Juni
imetuvalisha masweta ndani ya ukumbi.
Bi Niyonzima kaandika ubaoni HAKI YA MPITO,
akapiga mstari chini ya MPITO mpaka chaki ikakatika.
"Kutoka wapi," akauliza, "kwenda wapi?
Na nani kabaki kizingitini?"
Hakuna aliyejibu. Tumeshiba viazi na chai ya tangawizi.

Tupo ishirini na mmoja: mawakili, wasaidizi wa sheria,
Achol aliyesafiri siku mbili kutoka Juba,
mtu wa Bukavu asiyevua kofia,
na mimi, mwandishi wa kumbukumbu za semina,
ninayelipwa kwa ukurasa.

Zoezi: wawili wawili. Mmoja shahidi, mmoja mchukua maelezo.
Shahidi kapewa karatasi yenye maisha ya kubuni,
nchi isiyo na jina, mto usio na jina,
mwaka umeachwa nukta.
Tulinagwe Mwaisaka wa Tukuyu kashika kalamu.
Desdery Kihwele kashika karatasi.
Akasoma mistari miwili,
akaikunja mara nne kama tiketi,
akaitia mfukoni.

"Walikuja na lori," akasema. "Bibi yangu alikuwa anasaga."

Tulinagwe akaigeuza fomu, akalitafuta lori.
Halikuwamo.

Tarehe ya tukio?
Ulezi ulikuwa umeiva nusu.
Mtendaji?
Kijana wa lori. Alikuwa na adabu. Alimbebea kuku,
akauliza kama wamefungwa vizuri.
Hasara?
Jiwe. Jiwe mama halipakiki, wakamwambia, liache,
huko mnakokwenda kuna mashine.
Akashuka na jiwe mwana, kalifunga kwa kaniki mgongoni,
pale anapokaa mtoto.

Desdery akacheka kidogo, akatazama mikono yake.
"Na mashine ilikuwepo kweli. Na bomba. Na shule,
mimi nimesoma shule ile. Hilo unaliweka wapi?"

Tulinagwe akaanza: "Kwa hiyo unachosema ni kwamba..."
"Usimmalizie," Bi Niyonzima akasema kutoka dirishani,
bila kugeuka. "Ukimmalizia mtu sentensi yake
umemhamisha mara ya pili."

Nililiandika hilo. Nikaona nimeliandika vizuri mno,
nikaona haya.

Kisanduku cha mwisho: Shahidi anadai nini?
Ukweli. Fidia. Kuombwa radhi. Kutorudiwa.
Weka alama ya vema panapohusika.

Nje bodaboda ilikataa kuwaka, ikakataa, ikawaka.

"Alikuwa akilitoa uvunguni," akasema,
"akilifuta kwa kiganja kama uso,
akiuliza kama mwenzake bado yupo kule mlimani.
Alipokufa nilipanda kwenda kuangalia.
Ni mipaina sasa, safu kwa safu, na mlinzi
aliyeniuliza kibali. Nikamwuliza miti hii inakwenda wapi.
Kiwandani, akasema. Inakuwa karatasi."

Tulinagwe aliitazama ile fomu mkononi mwake.
Kisanduku akakiacha wazi.

Mwamba ulio juu yetu Wahehe waliuita jiwe lisemalo.
Siku tatu nimekaa chini yake na kalamu,
nimesikia upepo tu, na kengele ya chai.

Siku ya nne upepo ule ule ukaingia dirishani,
ukayafumua mabango yetu yote sakafuni,
nguzo za haki chini ya viti, mishale inaelekea mlangoni.
Tukainama kuokota.
Desdery akafungua begi, akatoa kitu cha ukubwa wa mkate,
cheusi, tumbo limelika upande mmoja,
akakiweka juu ya karatasi. Zikatulia.

Hakuna aliyeuliza. Achol alipopita
alilipapasa mara moja, akarudi kitini.

Nami kwenye kumbukumbu, ukurasa wa mwisho,
chini ya Vifaa vya Semina, nimeandika:
bango kitita, mbili;
kalamu za wino mzito, kumi na mbili;
jiwe, moja.
Mwenzake hajulikani alipo.