Viti Viwili

Gidudu anataka milioni kumi na moja.
Nilimtajia tisa, akacheka kwa pua,
akaliondoa turubali polepole
kama mtu anayefunua chungu mbele ya mwenye njaa.

Jekundu. Au liliwahi kuwa.
Boneti imepauka, rangi ya ulimi wa mgonjwa,
na ukibonyeza swichi ya taa
jicho la kulia linainuka, linaitazama Mbale,
la kushoto linaendelea kulala.
"Ni waya tu," anasema Gidudu.
Kwake kila ugonjwa ni waya tu.

Miaka ishirini na miwili niliendesha lori la jeshi,
la maji, lita elfu kumi mgongoni,
Moroto, Kotido, Kitgum na kurudi.
Maji yana tabia yake: ukifunga breki
yenyewe bado yanasafiri.
Nikajifunza kukata kona kama mbeba jeneza.
Sikuwahi, hata siku moja, kufika mahali upesi.

Fundi Khainza alilala chini yake nusu saa,
nje imebaki miguu tu.
Alipotoka alitia kidole kwenye ekzosi,
kikarudi kimevaa soksi nyeusi.
"Linakula oili. Chasisi ina kutu hapa,
na hapa, na hapa nimegonga pakaitika kama debe.
Vipuri utavitafuta Kampala. Ukivikosa utapiga simu Dubai,
watakuuliza ni la mwaka gani,
ukiwaambia watakata."
Akajifuta mikono. Akalizunguka tena
pasipo sababu yoyote ya kifundi.
"Lakini mlango," akasema. "Hebu ufunge."
Nikaufunga.
Ulijibu neno moja, zito, la chini,
kama mtu asiyependa kurudia.

Rahisi huvunja upishi, najua.
Najua na hesabu: bima, petroli,
matairi mapana yasiyouzwa upande huu wa Jinja,
matuta kumi na manne toka mnara wa saa hadi kwangu,
kila moja linangoja kulikwangua tumbo.
Redio inaishia tisini. Ilizaliwa Japani,
haina habari kwamba stesheni zetu, karibu zote,
zinaanza pale inapochoka.
Kiooni kuna stika ya maandishi
ambayo Mbale nzima hakuna wa kuyasoma.
Huenda yanasema: usininunue.

Wajukuu tisa.
Nambozo aliuliza mara moja tu, anamenya:
"Na matoke yatakaa wapi?"
Nikasema, kwenye buti.
"Buti liko wapi?"
Nikanyamaza, maana pale penye buti
ndipo walipoweka injini.

Jumamosi Gidudu alinitupia ufunguo.
Nikapita Sironko, nikazianza kona za Kapchorwa,
gia ya tatu, makalio shubiri moja juu ya lami,
migomba ikinipita kwa juu,
watoto wakipiga kelele ambazo sikuzisikia zikiisha.
Kwenye kona ile kali yenye duka la saruji
nilifunga breki, mwili ukajikaza kwa mazoea,
ukisubiri ule msukumo wa nyuma.
Haukuja.
Hakuna kilichoendelea kusafiri
isipokuwa mimi.

Jumapili nilizihesabu pesa mara mbili.
Tisa na nusu. Nikazirudisha katika soksi ya gwaride,
nikamwambia Nambozo, kwa sauti ya kikoplo:
nimeamua, silinunui, ni upuuzi wa mzee.
"Sawa," akasema. Hakuinua macho.
Nilitaka abishe kidogo.

Jumatatu nikaenda mjini kununua misumari
ya banda la kuku.
Nilirudi na bodaboda, nimepakata betri,
volti kumi na mbili, mpya, nzito kama mtoto aliyesinzia.
Nikaiweka barazani. Misumari nilisahau.
Nambozo aliitazama, akanitazama,
akaingia ndani na chumvi yake.

Mvua ilipoteremka kutoka Wanale, usiku, bila salamu,
nilimsikia akiamka,
nikasikia mlango, kisha bati la beseni:
alikuwa ameifunika.