Bado

Ibra, mwezi wa Julai. Saa tano asubuhi
bomba la maji baridi linatoa maji ya moto
na tangi juu ya paa linaguna kama mtu aliyeshiba.
Bi Thuwaiba ananiita kutoka kitandani
kwa Kiswahili chake cha Unguja ya zamani,
alichokitunza miaka sitini
kama kanga ya arusi ndani ya karafuu:
"Ndeshi, mwanangu, mshahara n'shakupa?"

Alikwisha nipa. Juzi.
Riali tisini, kutoka kopo la halua,
kanihesabia mwenyewe, akilamba kidole.
Zilikuwa kifuani mwangu, zimeshika jasho.

Nikasema: "Bado."

Sitaki kusema shetani alinisukuma.
Shetani ana shughuli nyingi; siku ile sikumwona.
Nilikuwa mimi, na kitambaa cha vumbi mkononi,
na hesabu kichwani: ada ya Elibariki,
bati kumi na nane za nyumba ya mama kule Machame,
deni la wakala.
Neno lilitoka jepesi, kama mate.
Sikutetemeka. Hilo ndilo lililonitisha baadaye,
kwamba sikutetemeka.

Akafungua kopo. Akalamba kidole.
"Mola akuzidishie," akasema.
Nikaitikia amina.

Ijumaa usiku tunasali kwenye simu,
akina mama kumi na mmoja: wawili Kuwait, mmoja Damamu,
Yusta aliye Doha, jikoni, ananong'ona watoto wa watu wasiamke,
nami chini ya shuka, kiyoyozi kikinisitiri.
Tunashuhudia kwa zamu. Wote wameshinda.
Yusta kashinda hasira. Mama Kandidi kamshinda dereva
aliyemnunulia manukato. Haleluya.
Zamu yangu ilipofika nikasema mtandao unasumbua.

Kisha sala ya Bwana, kwa pamoja.
Nilikwama penye *usitutie majaribuni*.
Mimi sikutiwa.
Nilikwenda mwenyewe, nimevaa kandambili.

Jangwa liko hapo nyuma ya ukuta, nalitazama kila siku:
mawe, mbuzi, gari la maji limeegeshwa.
Yeye alipoambiwa ageuze mawe kuwa mkate
alikuwa na njaa ya siku arobaini.
Mimi nilikuwa nimekula wali na samaki, nikabakiza.

Asubuhi nikamrudishia. "Hizi za nini?"
"Zako, Bi. Ulinilipa mara mbili."
"Basi ulikosea hesabu?"
Nilitamani kusema ndiyo.
*Kukosea* ni neno lenye mto na shuka safi.
"Sikukosea. Nilikudanganya."
Akanitazama kwa muda, macho yake meupe pembeni,
akaniuliza: "Wewe mtoto wa nani?"

Ungamo langu likapotea humo alimopotelea mwenyewe.
Ikabidi nimngoje Raya, bintiye, ambaye hasahau,
ambaye pasipoti yangu iko kabatini mwake.
Alikuja Alhamisi kutoka Maskati. Nikampa kopo.
"Lihifadhi wewe."
"Kwa nini?"
"Kwa sababu yangu mimi."
Hakusema kitu. Alilifungua, akalifunga;
kifuniko kile bado nakisikia.
Kama atanirudisha nyumbani mwisho wa mwezi, sijui.

Ijumaa iliyofuata mtandao ulikuwa mzuri.
Nikasimulia yote, hata ile amina.
Yusta akanong'ona: "Lakini sasa dada, umeshinda?"

Nikakumbuka jana, nikifagia chini ya kitanda cha Bi:
noti ya riali tano,
na mguu wangu ukaifunika kabla jicho halijaisoma.
Nilisimama hivyo, ufagio mkononi, kitambo.
Kisha nikainua mguu.

"Bado," nikajibu.

Kimya. Mahali fulani Kuwait friji ilikuwa inanguruma.
Kisha Mama Kandidi akakohoa.
"Yule dereva," akasema,
"yale manukato..."