Mhudumu Hatoi Maelezo

Dakika mbili na nusu kushuka. Nimezihesabu
tangu mkono wangu haujaufikia ukingo wa mpira:
Mto Neva juu ya vichwa vyetu, kisha tope,
kisha udongo wa mfinyanzi, kisha mama.

Alikaa mwisho wa ngazi za umeme, katika kibanda cha kioo
kisichotosha watu wawili waliokosana:
yeye, runinga tatu ndogo, kipaza sauti, themosi ya chai,
na kibao kilichobandikwa usawa wa midomo yake,
MHUDUMU HATOI MAELEZO.

Watu walimjia miguu kwanza.
Ndivyo ngazi inavyoleta watu:
viatu, magoti, mfuko wa viazi, mwisho uso,
na uso ulipofika alikuwa keshamaliza nao.
Mlevi alimjua kwa kamba za buti.
Mfiwa, kwa viatu visivyofanana.

Nyumbani pia hakutoa maelezo.
Baba yuko wapi? Kula supu.
Alikuwaje? Supu inapoa.
Majirani walisema Faina Arkadievna
ulimi wake kauweka benki, anangoja riba.

Basi nikitoka shule nililipa kopeki tano
nikashuka mbio, makusudi, vidato viwili viwili,
mkoba ukinipiga mgongoni,
ili nimsikie.
“Msichana mwenye skafu nyekundu, usikimbie. Shika ukingo.”
Sauti ilitoka kwenye taa, ukutani, darini,
kubwa kuliko nyumba yetu nzima,
na watu wakageuka kumtazama mkosaji.
Nikapanda. Nikashuka tena.
Mara ya nne alisema, “Nelya.”
Basi. Kipaza sauti kilichelewa kuzimwa
na stesheni yote ikamsikia akivuta pumzi.

Alipostaafu wenzake walimfungia kibao kile kwa gazeti,
wakacheka, mmoja akalia. Akakipigilia jikoni.
Nikaja kwake Februari moja, nina miaka arobaini na mmoja,
theluji imegandia visiginoni,
nikauliza tena, chini ya kibao, swali lilelile.

Hakunitazama usoni. Macho yake hayakuzoea kuanzia juu.
Alivitazama viatu nilivyovua mlangoni,
vikichuruzika juu ya gazeti, kimoja kimelala ubavu,
akavitazama muda wa kutosha kushuka mpaka chini kabisa,
akasema: “Soli ya kushoto imelika upande wa nje.
Naye alitembea hivyo.”

Kisha supu.

Siku hizi kibandani mna kamera, na sauti iliyorekodiwa
inamwambia kila mtu ashike ukingo, hata asiyekimbia.
Fundi viatu yuko palepale juu, mlangoni mwa stesheni,
ananiona nikichechemea kidogo, ananipungia nyundo.
Nampita.