Nusu Lita

Saa kumi alfajiri Mbeyu anagonga bati:
"Mama Righa! Maji yametoka!"
na Chaani yote inaamka kwa kelele za ndoo.
Mghoi anajifunga leso, anatoka pekupeku:
mapipa mawili, mitungi saba, sufuria la pilau,
hata beseni la kumwogeshea mjukuu.
Maji ya Jumanne yakikukuta umelala
Jumatano utayanunua kwa mkokoteni,
na chumvi yake humo humo.

Mimi nasikiliza tu, kitandani.
Maji yangu ya siku nzima ni nusu lita.
Nesi alinichorea mstari kwa kalamu nyekundu
kwenye kikombe cha plastiki:
"Mwisho hapa, mzee. Pamoja na chai. Pamoja na mchuzi."
Figo zimefunga ofisi.

Miaka thelathini na mmoja nilikuwa karani bandarini.
Nilihesabu makontena, magunia ya ngano,
magari mapya yakishuka melini
moja moja kama kondoo wanaotoka zizini.
Tarakimu haikunipita.
Siku zangu ndizo sikuzihesabu.
Zilitoka getini bila stakabadhi,
nami nimeinamia daftari.
Nikistaafu nitapumzika.
Nikistaafu nitasali vizuri.
Nikistaafu nitampeleka Mghoi Wundanyi, akalale kwao
asikie baridi.
Nilidhani siku ni maji ya mfereji:
ukikosa leo, utakinga kesho.

Jumatatu na Alhamisi mashine inanifulia damu.
Kiti cha kushoto kilikuwa cha Kalama,
fundi cherehani wa Mwembe Tayari,
mtu wa mizaha hata na sindano mkononi.
Tukishachomolewa husema:
"Haya karani, Alhamisi, Mungu akipenda."
Nami hujibu, "Atapenda,"
kama mtu anayemjibu konda.

Alhamisi ile kiti kilikuwa na shuka safi.
Futi yake ya kupimia nguo
bado imejiviringisha dirishani.

Sikulia. Nilikasirika.
Nilimdai Mungu hesabu kama ninavyomdai dereva karatasi:
Bwana, huyu alikuwa na sare za shule thelathini za kushona,
vifungo keshanunua.
Mashine ilizunguka. Damu ilitoka, ikarudi.
Sikupewa jibu.
Nilipewa Ijumaa.

Ijumaa, hivyo hivyo, mkononi,
bado ina joto kama mkate uliotoka tanurini,
na mimi sikuwa nimeilipia.

Nikawakumbuka wale wa jangwani
walioficha mana ya kesho chini ya mkeka
wakaamkia mabuu.
Mghoi ana mapipa, naye ana haki ya kuyajaza.
Lakini siku haina pipa,
haina mfuniko,
hakuna jirani atakayekugongea bati
kukwambia imetoka, kinga.

Basi sasa nakunywa hivi:
funda la kwanza baada ya sala, nalishika mdomoni
mpaka ulimi useme amina.
Nimegundua maji yana ladha,
ya bati kidogo, ya dawa kidogo,
na ya mkono wa aliyeyabeba.
La pili adhuhuri, kizingitini,
jua la Februari likiwapasua kunguru midomo.
Lililobaki nalitunza hadi jioni.

Nisikudanganye, si kila siku naiona.
Jana niliipoteza nzima
nikigombana na Mghoi juu ya redio.
Usiku akaniletea kikombe bila neno,
akakaa ukingoni mwa kitanda,
miguu yake bado ina matope ya mferejini.
Nikampa funda langu la mwisho.
Akacheka: "Mimi nina mapipa mawili, mwanamume wewe!"
Akalinywa.

Bwana, zamani nilikuomba unijazie
mpaka kimwagike.
Usinijazie.
Mstari uko pale pale, mwekundu, unauona.
Nipimie tu.
Na Mbeyu akigonga, nikasikia,
nipimie tena.